Kidole cha Mama Mkwe

Kila alipofika hospitali, mama mkwe wangu alianzia kwenye bomba la maji lililo nje ya wodi. Alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, akaikung'uta mikono bila kuifuta, ndipo akaingia. Nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku macho yake hayako kwangu. Yako kifuani mwangu, mahali mtoto alipofungwa kwa kitenge, ngozi kwa ngozi. Alifunua kitenge kidogo, akamtia mtoto kidole chake cha mwisho mdomoni, akatulia na kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali.

"Ananyonya," alisema siku ya kwanza. "Ana nguvu huyu. Mpeni maziwa."

Wanawake wenzangu mle chumbani walifurahi. Mimi pia nilifurahi, nisiseme uongo. Binti yangu alikuwa ametoka tumboni kabla ya wakati wake, nikiwa darasani, chaki mkononi, watoto wa darasa la tatu wakinitazama. Nilipandishwa gari la mwalimu mkuu huku nimekalia koti lake, na mvua ya masika inapiga kioo. Mtoto alipotoka hakulia kama wanavyolia wengine. Alitoa sauti ndogo, basi. Alitosha kwenye viganja vyangu viwili. Kwetu watoto wa namna hiyo huitwa njiti, na siku zile nililichukia neno hilo, kwa sababu kila aliyelitamka alishusha sauti.

Hakuwa akinyonya titi. Mpira mwembamba ulipita puani mwake hadi tumboni. Nilikamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi akayamimina kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akaliinua juu, nayo yakateremka yenyewe polepole. Mtoto wangu alishiba bila kujua kwamba amekula. Muuguzi huyo, mwanamke wa Tanga mwenye ulimi mwepesi na mwendo wa haraka, alinieleza mapema ili nisije nikamsumbua na maswali.

"Mwalimu, kuna mambo matatu," aliniambia. "Kuvuta, kumeza, kupumua. Mtoto aliyetimia anazaliwa anajua kuyapanga. Njiti anajua kuvuta, lakini hayo mengine mawili bado yanamgongana. Ukimpa maziwa kabla hajayapanga, atavuta, na atasahau kupumua."

Nilimuuliza nitajuaje kwamba ameyapanga. Akasema mtoto mwenyewe atasema: ataamka bila kuamshwa, atageuza kichwa kutafuta, atapeleka mkono mdomoni, atalamba midomo. Na siku akiwekwa kwenye titi, atavuta kidogo, atasimama mwenyewe, atahema, atavuta tena. Asiyejua kusimama, akasema, huyo bado.

Basi nikawa namchungulia mtoto mchana kutwa kama mwizi anayechungulia duka. Hakuamka. Hakutafuta. Alilala tu, na wageni walimsifu kwa upole wake.

Kitanda cha pili alikuwepo mchuma chai kutoka upande wa Bumbuli, mtoto wake ametimia miezi yote, dume la mtoto, ambaye aliletwa kwa sababu ya manjano tu. Huyo alinyonya kwa kelele. Alimeza hadi unasikia gluu, gluu, upande wa pili wa chumba, kisha anapumua kwa pua kwa fujo, kisha gluu tena. Mama yake alikuwa mwema kwangu, alinigawia uji wake wa pilipili manga, lakini sauti ile niliionea wivu mpaka nikaziba masikio kwa khanga. Ni aibu kumwonea wivu mtoto mchanga. Nilimwonea hivyo hivyo.

Sasa niseme juu ya kidole, maana mtu asiye wa huku atadhani mama mkwe wangu alikuwa mtu wa ajabu. Nyumbani kwake ni upande wa Shume, chini ya msitu wa misonobari, anapolima kabichi na kufuga ng'ombe wa maziwa bandani. Ng'ombe hao hawachungwi, wanakatiwa majani. Ndama wao hawaachwi wakanyonya wanavyotaka, kwa kuwa maziwa yanauzwa. Siku chache baada ya kuzaliwa, ndama hufundishwa kunywa kwenye ndoo. Mama mkwe huchovya kidole kwenye maziwa, anamtia ndama mdomoni, ndama anakivuta, naye anaushusha mkono taratibu hadi ndani ya ndoo. Ndama anafuata kidole na mwisho anajikuta anakunywa. Nilipoolewa nilimwona akifanya hivyo nikacheka, na yeye akacheka kwa kuwa mimi nilikuwa mtoto wa mjini Lushoto nisiyejua ng'ombe anakamuliwa upande gani. Majirani walimwita kila ndama alipokuwa mgumu. Alisema jambo moja tu juu ya kazi hiyo: akishakishika kidole, huyo ni wako.

Kwa hiyo mjukuu alikishika kidole, na yeye akaona mambo yamekwisha. Muuguzi alimkatalia, kwa heshima yote.

"Shikamoo bibi. Hapo anavuta tu. Kidole hakina kitu cha kumeza."

"Marahaba. Anayevuta atashindwaje kumeza?"

"Atashindwa, bibi. Tusubiri."

Mama mkwe alijibu kwa Kishambaa, pembeni, jambo ambalo muuguzi wa Tanga hakulielewa na mimi nilijifanya sikulisikia. Alisema watu wa mpira puani hawajawahi kulea.

Siku moja, tukiwa tumekaa hivyo, akiwa bado na kidole mdomoni mwa mtoto, alisema bila kuulizwa, "Wa kwanza wangu alikishika vizuri kuliko huyu."

Nilimtazama. Mume wangu ndiye kifungua mimba, ndivyo nilivyoambiwa siku zote.

"Wa kwanza yupi, mama?"

"Alikuwepo mwingine kabla ya mumeo. Alizaliwa mdogo, hivi hivi. Alikishika vizuri sana. Kisha akakataa maziwa, akakataa kukaa. Baridi ya kule ikamchukua." Alichomoa kidole, akakifuta kwenye khanga. "Yuko nyuma ya jiko, penye migomba."

Nimekata ndizi kwenye migomba ile mara nyingi. Alilisema jambo hilo ili nimwamini, kwamba watoto wadogo anawajua, si mgeni wao. Mimi nilimvuta wangu karibu. Nikakaza kitenge, na tangu hapo kila alipomtia mtoto kidole nilikuwa nawaona wawili, wangu na huyo mwingine, wakivuta kidole kimoja.

Wiki ile baba mkwe naye alikuja. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Aliomba, akakaa, akamtazama mtoto, kisha akatoa mfukoni mwa koti chupa ndogo ya maji, akaiweka juu ya kabati karibu na kichwa changu. Hakusema ya nini. Hakuna Mlutheri wa milimani anayehitaji kuambiwa. Mtoto akiwa hatarini, na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote aliye karibu anaweza kumbatiza kwa maji na jina.

"Baba, naomba uirudishe," nilisema.

"Ikae tu, mama. Maji hayaozi."

Ikakaa. Nilipolala upande wa kulia niliiona, nilipolala upande wa kushoto nilijua iko nyuma yangu. Jina hatukuwa tumempa. Nilikataa kabisa. Nilijiambia kwamba mtoto asiye na jina hawezi kuitwa na mtu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya chakula. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni ukaziba madirisha, taa zikawashwa mapema. Nilikuwa nimekamua maziwa, kikombe nimekifunika kwa kisahani, tunamngoja muuguzi ayapitishe kwenye mpira. Muuguzi akaitwa mbio chumba cha kujifungulia, maana kulikuwa na mama aliyekuwa akipiga kelele. Mimi sikuwa nimeoga tangu jana yake. Mama mkwe akasema, "Nenda ukaoge, mwanangu, unanuka maziwa. Mlete huku." Tulimfunga mtoto kifuani mwake. Alijua kubeba, hilo sina la kumwambia. Nilimwacha amekaa wima, mtoto amelala, mikono yake imemzunguka.

Maji ya moto yalikuwa kwenye ndoo. Nakumbuka nilifurahia kuoga. Nilijipaka mafuta bila haraka, nikafunga khanga safi, nikarudi nikiwa mtu.

Mlangoni nilisikia kwanza ukimya. Yule dume wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Mchuma chai alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi, kidole kimelowa maziwa, na alikuwa akimwambia mtoto kwa Kishambaa, kwa sauti ya upole anayotumia bandani, "Kunywa, mame, kunywa," yaani mama, kama mabinti wanavyobembelezwa. Alikuwa amechovya kidole, mtoto akakishika, naye akainamisha kikombe kando ya kidole, taratibu, kama anavyoushusha mkono kwenye ndoo. Maziwa yalikuwa yakitoka kwenye tundu moja la pua ya mtoto, kando ya mpira. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau.

"Amekishika," aliniambia, anatabasamu. "Amekunywa."

Sijui nilivuka chumba vipi. Nilimnyofoa kifuani mwake. Mtoto alikuwa mlegevu, shingo haina nguvu. Nilipiga kelele nikimwita sista, sista, sauti si yangu. Na hapo nikamwona mchuma chai, mwanamke mwema yule, amechukua chupa juu ya kabati na kuifungua. Alikuwa analia. Maji alikuwa ameshayatia kiganjani.

"Jina," aliniambia. "Mwalimu, sema jina."

"Funga hiyo chupa!"

"Sema jina, dada, anakwenda."

"Nimesema funga!"

Muuguzi aliingia na glavu zenye damu ya mama mwingine, akazivua zikaanguka sakafuni. Alimgeuza mtoto kifudifudi kwenye mkono wake, akamfyonza puani na mdomoni kwa mpira wa kufyonzea, akamsugua mgongo kwa nguvu hadi nikadhani ataichubua ngozi ile. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri pumzi moja. Ilipokuja ilikuwa mbaya, kama kitambaa kinachanwa, na baada yake ikaja nyingine.

Wakamweka kwenye oksijeni. Daktari akasema maziwa yameingia mapafuni, homa itafuata, na kwamba tusubiri. Homa ikaja kama alivyosema. Kifua cha mtoto kilibonyea kati ya mbavu kila alipovuta hewa. Maziwa yakasimamishwa, akawekewa dripu.

Nilimgeukia mama mkwe, nikamwambia neno ambalo mke wa mtu hamwambii mama aliyemzaa mume wake. Nilimwambia, "Mama, toka." Mume wangu alikuwa amefika, akashika kichwa, hakujua amshike mkono nani. Mama mkwe alijitanda khanga yake, akatoka.

Hakwenda nyumbani. Malori ya kabichi yalirudi tupu kuelekea Shume, yangempandisha bure, hakupanda. Alilala kwenye banda la wanaouguza, mchana akakaa kwenye benchi chini ya dirisha langu, ukungu unampita, mikono ameiviringisha ndani ya khanga kama aliyeungua. Sikumpelekea chai. Nilitaka ateseke, na nilimwona akiteseka, na haikunisaidia kitu.

Muuguzi ndiye aliyekwenda kukaa naye. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, nikasikia yote.

"Shikamoo bibi. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula." Alikuwa hajala. "Mwanangu, niambie kweli. Alikishika kidole. Nilimsikia kabisa."

"Alikishika, bibi. Hukukosea hapo. Kuvuta wanajifunza humo humo tumboni. Ila kidole hakitoi kitu. Maziwa yakija lazima ameze, na akimeza afunge pumzi kidogo, kisha aifungue. Yeye bado hawezi. Ulivyomwongeza, yakamjaa."

"Ndama anaweza."

"Ndama ametimia, bibi."

Nilisikia benchi likilia. Nilidhani wameondoka.

"Na yakishamjaa," mama mkwe aliuliza, "mtoto anakuwaje?"

"Anabadilika rangi. Mengine yanatoka puani. Akinusurika hapo, homa inakuja, anahema haraka haraka, titi halitaki tena."

"Halitaki."

"Hana nguvu ya kulitaka."

Nilisimama nikachungulia. Mama mkwe alikuwa ametoa mkono kwenye khanga, anakitazama kile kidole.

"Wangu yalimtoka puani," alisema. "Nikamfuta, nikamwongeza. Mama yangu akaniambia ni mkaidi, mlazimishe. Kesho yake akapata moto mwilini, nikamwongeza tena." Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Miaka yote hii nasema alikataa. Nimewaambia watu alikataa. Hakukataa."

Muuguzi alimsogelea. Alimshika mkono ule ule, wakakaa.

Ningependa kusema kwamba hasira yangu iliisha pale dirishani. Haikuisha. Ila iliingiliwa na hofu nyingine, kwa sababu nilikuwa nimesikia safari yote ya yule mtoto wa penye migomba, na wangu alikuwa amefika katikati yake: ameshabadilika rangi, ameshapata homa, anahema haraka haraka. Nilijua kinachofuata. Niligeuka nikamtazama binti yangu chini ya oksijeni, na chupa ya maji juu ya kabati imefungwa vizuri.

Homa ilishuka kwa kusitasita, inaondoka, inarudi. Mpira ukaanza tena kupitisha maziwa, tone kwa tone. Mchuma chai aliruhusiwa kwenda kwao, akaniachia pakiti yake ya pilipili manga. Chumba kilibaki bila ile sauti ya gluu gluu, na nikagundua kwamba naikosa.

Halafu asubuhi moja, nikiwa nimemfunga kifuani, alifungua macho mwenyewe. Sikuwa nimemgusa. Akaleta ngumi mdomoni, akaikosa, akaileta tena. Akalamba. Akageuza kichwa kwangu, mdomo wazi, akitafuta. Nilimwita muuguzi kwa sauti ndogo, kana kwamba kuna mtu wa kumwamsha. Alikuja, akatazama, akasema, "Haya mwalimu. Amesema."

Tulimweka kwenye titi. Alivuta. Akavuta tena. Akameza, nikasikia kitu kidogo sana kikishuka. Kisha akasimama, na kukawa kimya. Kimya kile nikikielezea watu wanadhani natia chumvi. Nilimtazama kifua, hakikwenda. Muuguzi alikuwa ameinua kidole, ananizuia nisifanye kitu. Na mlangoni nikamwona mama mkwe, sijui nani alimwita, amesimama na khanga mdomoni, anangoja kama mimi. Sidhani kama alikuwa anamwona mjukuu wake peke yake.

Mtoto akahema. Akavuta tena.

"Njoo mama," nilisema. Alikuja, akakaa kitandani, lakini mikono haikutoka kwenye khanga. Nilimwambia amguse. Akatikisa kichwa.

Jina alipewa kanisani, kwa maji ya kanisani. Ile chupa baba mkwe aliimwaga penye migomba. Tulihamia kwao Shume hadi mtoto anenepe. Kila aliponyonya niliyasikiliza yale mapumziko yake, na hata sasa, ambapo anakimbia na viatu mkononi kwenye matope, akinywa maji kwa pupa mimi husimama nikamsikiliza.

Ng'ombe wao alizaa mwishoni mwa baridi. Siku ya kumfundisha ndama ndoo ilipofika, mama mkwe aliniita bandani. Nilikuta ameshika ndoo ya maziwa, ndama yuko miguuni pake anamsukuma kwa pua, na mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya khanga.

"Wewe tia kidole," aliniambia.

"Mama, mimi sijui."

"Tia tu. Mimi nitakuambia."

Nikachovya kidole, nikamtia ndama mdomoni. Ulimi ulikuwa na mikwaruzo, na nguvu yake ilinishangaza, ilinivuta hadi begani. Akakishika. Nikaanza kuushusha mkono kwenye ndoo kama nilivyomwona yeye akifanya, ndama anafuata, mdomo wake unakaribia maziwa.

Mama mkwe aliivuta ndoo nyuma. Maziwa yakamwagika miguuni mwetu.

"Ngoja," alisema. "Mwache kwanza apumue."

Nikautoa mkono. Tukasimama wote wawili, tukimsikiliza ndama akihema.